Nunda Hakuzaliwa Nunda



Huenda ukastaajabu kumwona mzee wa chuo, aliyekwisha kuvuka miaka sitini, akishika kalamu kuandika juu ya mchezo wa watoto, tena mchezo wa mazimwi. Mimi mwenyewe nastaajabu. Lakini mafunzo hayachagui mlango wa kuingilia. Safari hii yaliniingilia kwa mlango wa baraza, mkononi mwa mjukuu wangu wa miaka 14, aliyekuja Mombasa kutoka London kupitisha likizo ya shule. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwani ndani yake mna jambo langu mimi ambalo si dogo, na pengine lakuhusu na wewe.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu hukaa kuzunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi, na waliobaki kila mmoja hujitwalia mtu wa kubuni: huyu askari, yule tabibu, yule mwizi aliyetubu. Msimulizi huwaeleza mahali walipo na kilicho mbele yao, nao humwambia watakalofanya. Hapana fedha inayowekwa, wala hapana anayemshinda mwenziwe. Ama wanafika pamoja, ama wanaangamia pamoja.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza, ukauzwa kutoka mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1977 kikafuata kitabu kizima cha mazimwi, Monster Manual, nacho kina majina ambayo sisi twayajua kabla yao: jini, ifriti, na ghuli wa masimulizi ya Waarabu. Tena mchezaji ana ruhusa ya kubuni zimwi lake mwenyewe, akalipa nguvu na uwezo autakao. Hili la kubuni ndilo lililomshughulisha kijana wetu. Alikuwa na daftari zima.

Siku ya kwanza nilikunja uso. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza: "Mwanangu, majini ni viumbe wa Mwenyezi Mungu na khabari zao zimo katika dini yetu. Usiwafanye mchezo. Zimwi la ngano ni jambo jingine, kila mtoto ajua kuwa ni hadithi." Akakubali. La pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni dadu. Alikuja nazo mfukoni, moja ikiwa na pande ishirini, na mambo mengi katika mchezo ule huamuliwa kwa kuitupa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamezikemea dadu, na wameupambanua mchezo unaotegemea hesabu na fikra na ule unaotegemea bahati tupu. Nikamwambia, "Dadu, baba, kwenye baraza yangu hazitupwi."

Uso ukamshuka. Nikaona nisimfungie mlango bila ya kumfungulia dirisha. Tukakata vikaratasi vigumu, kila mchezaji tukampa vipande sita, vimeandikwa 1 mpaka 6. Ukitaka kufanya jambo, unatoa kipande. Jambo jepesi latosha kwa 2, jambo gumu lataka 5 au 6. Kipande ulichokwisha kukitoa hakirudi mkononi mpaka vyote sita vimalizike. Mwenye kuitumia 6 yake kwa upuuzi, siku ya shida atabaki na 1. Kijana akavitazama, akacheka, akasema, "Babu, huku sasa ni kama kucheza bao." Nikamwambia, "Ndiyo, na bao halina wa kumlaumu."

Jioni ile akawaita binamu zake wanne kwenye baraza, akawatolea zimwi lake la kwanza. Lilikuwa na uwezo wa namna kumi na nne. Nilihesabu mwenyewe daftarini. Liliruka, lilitema moto, halikuonekana, chuma hakikulidhuru, na aliyetazamana nalo aligeuka jiwe. Katika muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa, watoto wote wanne walikuwa wamekufa, kwa mchezo namaanisha. Wakanyanyuka bila ya ugomvi, wakaenda kupiga mpira. Mjukuu wangu akabaki na daftari lake. Akaniuliza, "Babu, nimekosea wapi? Zimwi si linatakiwa litishe?"

Nikamwambia anisomee yaliyomo katika vitabu vyake, tuone wale mabwana walifanyaje. Akanisomea chapa ya mwaka 2014, naye akinifasiria. Msomaji wangu, nilipata faida. Yumo mnyonya damu wa masimulizi ya Ulaya: ana nguvu nyingi, lakini haingii nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe na mmoja wa wenyeji, na jua humchoma. Limo dubwana ambalo majeraha yake hujifunga yenyewe kila zamu. Likiguswa na moto au tindikali, zamu inayofuata jeraha halijifungi. Limo joka litemalo moto, lakini likishatema, pumzi yake hairudi mpaka dadu ya pande sita iangukie 5 au 6. Yaani kila zamu ana fungu moja katika matatu la kuipata tena, na mafungu mawili ni nafasi ya wachezaji. Naye ghuli, akikugusa kwa kucha, viungo vyako hufa ganzi. Lakini kila mwisho wa zamu yako unaruhusiwa kujaribu kujinasua. Ukiwa na nafasi ya nusu kwa nusu, kubaki umenaswa baada ya majaribio matatu ni fungu moja tu katika manane.

Tukakaa kimya kidogo. Kisha nikamwambia, "Umeona? Hawa hawakumpa zimwi uwezo wowote bila ya kuuwekea mlango. Zimwi lisilokuwa na dawa halitishi, mwanangu, linakatisha tamaa. Mwenye kuogopa hutafuta njia. Aliyekata tamaa huenda zake kupiga mpira." Tukaandika maswali matatu juu ya ukurasa mpya. Uwezo huu una dalili ambayo mwenye macho ataiona kabla haujamdhuru? Una dawa? Na hiyo dawa i mkononi mwa wachezaji wenyewe, au inawangoja watu wa nje?

Akaniuliza kama sisi huku Pwani tunalo zimwi lenye kufaa. Nikamhadithia Nunda.

Wewe msomaji bila shaka umemsikia kwa bibi yako. Ni hadithi ya Unguja, na Edward Steere, padri wa Kiingereza ambaye baadaye akawa askofu, aliichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake cha Swahili Tales. Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakaja kushitaki, sultani akawajibu kwamba paka ni wake na aliyeliwa ni wake vilevile. Akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Akala ng'ombe, punda, farasi na ngamia. Akafika kula mtoto wa mtu, na jibu halikubadilika. Paka akakua, akahamia porini, akawa anakula kila apitaye. Mpaka siku aliporukia wana wa sultani na kuwaua watatu, ndipo mzee alipokiri kwamba huyu si paka tena, huyu ni Nunda. Mwana mdogo, aliyekuwa akidharauliwa kwa kukaa jikoni, akatoka kumwinda. Kila mnyama aliyemuua alimpelekea mama yake akidhani ndiye, na mama akamwambia siye, mpaka alipompata mwenyewe.

Mjukuu wangu alikuwa ameacha kuandika. Akasema polepole, "Babu, Nunda hana uwezo wowote. Uwezo wake ni sultani." Ndugu msomaji, nimefundisha zaidi ya miaka arubaini, na sijapata kusikia mwanafunzi akiishika hadithi kwa mkono wa namna hiyo.

Siku tatu tukamtengeneza Nunda. Wacha nikueleze, kwani hapa ndipo penye maana. Nunda anaanza akiwa paka wa nyumbani, nguvu yake ni 2, na yeyote mwenye kipande cha 2 aweza kumzuia. Tulimpa uwezo wa namna tatu tu.

Wa kwanza, kukua kwa kunyamaziwa. Kila anapokula kitu na mchezaji aliye zamuni akamwachia, nguvu yake yaongezeka kwa 1.

Wa pili, faida. Mchezaji anayemwachia paka apite anarudishiwa kipande kimoja alichokwisha kukitumia, kwani paka huyu anakamata panya na ghala inasalimika. Uwezo huu ndio niliouongeza mimi. Kijana alitaka kujua wa nini. Nikamwambia hakuna mtu anayefuga ubaya bila ya kuwa na kitu anachokipata kwake.

Wa tatu, kusingizia wengine. Nunda akianza kuwindwa, msimulizi huwaletea mbwa, fungo, punda milia, na wachezaji humaliza vipande vyao kwa kumpiga asiyekuwa yeye.

Na dawa? Tulibishana juu ya dawa usiku mzima. Kijana alitaka upanga wa ajabu. Nikamwambia, upanga wa ajabu ni msaada wa watu wa nje. Mwisho tukaafikiana hivi: mchezaji akisimama mbele ya wenziwe, akataja kwa ulimi wake siku aliyomwachia paka na alichokila paka siku hiyo, kisha akakirudisha kile kipande alichofaidika nacho, nguvu ya Nunda yapungua kwa 1. Hapana mtu anayeweza kumsemea mwenziwe.

Wakacheza siku ya Alkhamisi baada ya Alasiri. Nilikuwa upande wa pili wa baraza na tasbihi yangu, najifanya sisikilizi. Paka akala kuku, wakacheka. Akala bata, akala mbuzi. Wakamwachia, kila mmoja akifurahia kipande chake kinachorudi. Akala ndama, akala punda. Mara ya sita akala mtoto wa jirani, na baraza yote ikanyamaza. Nguvu imefika 8, na kipande kikubwa kabisa ni 6. Wakamwinda, wakampiga mbwa, wakampiga fungo, vipande vikaisha. Mmoja akasema, "Basi, tumekwisha, kama juzi." Ndipo yule mdogo wao, msichana wa miaka tisa, aliposimama. Akasema, "Mimi nilimwona akila kuku. Nilinyamaza kwa sababu nilikitaka kipande changu." Akakiweka chini. Nunda akawa 7. Kaka yake, ambaye ndiye aliyecheka zaidi, akakaa sana akitazama sakafu. Kisha naye akasimama, akasema la mbuzi. Nunda akawa 6. Na yule msichana alikuwa ameiweka 6 yake tangu mwanzo. Akaitoa.

Watoto walipiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia dirishani. Mimi niliinuka nikaingia ndani, nikasema nakwenda kutia udhu. Magharibi ilikuwa bado.

Baada ya Isha mjukuu wangu akanijia. "Babu, umekasirika? Umeondoka ghafula." Nikasema sikukasirika. Akaniuliza, kwa usafi wa moyo wa watoto, "Wewe umepata kumwona Nunda?"

Ningaliweza kumjibu kwa mzaha. Lakini mtoto wa miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya watu mchana ule, nami nina mvi. Basi nikamweleza, na sasa nakueleza na wewe.

Mwaka 1996 katika chuo changu palikuwa na mwalimu msaidizi, kijana hafidhi, sauti yake ikiwaliza watu msikitini. Sitamtaja jina. Alipoanza alikuwa akivuta masikio ya watoto. Nikasema ndiyo adabu, samaki mkunje angali mbichi. Kisha akaleta henzirani. Nikasema hata sisi tulipigwa. Kisha akawa anapiga kwa kofi, usoni. Mama mmoja akaja mlangoni, amejifunika buibui lake, hata hakukaa. Akasema mwanawe anakojoa kitandani kwa kumwogopa mwalimu. Nikamwambia maneno ambayo kwa miaka mingi sikuyasikia mwenyewe mpaka siku ile barazani: "Mama, nenda nyumbani. Mwalimu ni wetu na watoto ni wetu."

Na faida nilikuwa nayo. Watoto wa mwalimu yule walihifadhi upesi, wazazi walitusifu, ada zililipwa kwa wakati, na chuo kikajaa hadi tukatandika mikeka ukumbini. Kila malalamiko niliyoyapuuza yalinirudishia kitu mkononi.

Asubuhi moja alimpiga kofi yule mtoto wa yule mama. Sikio likatoka damu. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Nilipoulizwa nilisema alianguka. Baadaye nikasema ni mkaidi, kisha nikasema mama yake amemdekeza, kisha nikasema ni shetani. Niliwapiga mbwa na fungo wote, Nunda nikamwacha. Mtoto hakurudi chuoni. Mwalimu alipotaka kuhamia mji mwingine nilimwandikia barua ya sifa, kwa mkono huu ninaouandikia sasa.

Mjukuu wangu hakusema neno. Alikuwa amekaa karibu nami, kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Baada ya muda akasema, "Lakini, Babu, dawa ipo. Tuliiandika pamoja."

Jumamosi nikaenda. Yule mtoto sasa ni mtu mzima, fundi wa injini za mashua. Nilipomwamkia alinigeuzia upande mmoja wa kichwa ili anisikie, nikajua sikio lile halikupona. Akanitambua. "Karibu, Maalim," akasema, akanipangusia kibao nikakaa. Nikamweleza yote, siku, kofi, uwongo wangu kwa watu, na maneno niliyomwambia mama yake. Sikuongeza hoja wala udhuru. Alisikiliza huku akipangusa mikono kwa kitambaa, hata ilipokwisha kutakata akawa bado anapangusa.

Kisha akasema, "Mimi nimesamehe zamani, Maalim. Mamangu ndiye aliyekuwa akitaka kuyasikia haya. Alifariki mwaka juzi."

Sikuwa na jibu. Akaniambia ana watoto wawili, na hawapeleki chuo chochote. Huwasomesha mwenyewe usiku, kwa kadiri ya uwezo wake. Akaniuliza herufi moja ya tajwidi ambayo daima humtatiza, mahali pake pa kutamkia. Nikamwonyesha. Akairudia mara tatu, akitazama mdomo wangu.

Nimeandika barua ya pili, kuifuta ile ya kwanza, nikaipeleka mji ule aliohamia mwalimu yule. Nilijibiwa kwamba hayupo tena pale, alihama zamani. Ni watoto wangapi walipita mikononi mwake kwa nguvu ya saini yangu, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, naye ataniuliza. Katika chuo changu henzirani haipo tena, na mzazi yeyote huingia wakati wowote bila ya kupiga hodi. Nilipaswa kufanya hivyo siku ambayo kipande cha 2 kilitosha.

Ndugu msomaji, simalizi kwa kukuambia umnunulie mwanao mchezo huo au umkataze. Juu ya hilo muulize mwanachuoni unayemwamini. Namaliza kwa kukuomba uitazame nyumba yako, duka lako, msikiti wako. Yupo paka anayekukamatia panya, na umekwisha kusikia habari za kuku aliyepotea. Huenda ni mtoto anayepokea pesa usizojua zitokako. Huenda ni jamaa ambaye watoto wa kike hawataki kubaki naye chumbani. Huenda ni ulimi wako mwenyewe kwa mkeo. Usiulize kwanza jambo hilo ni kubwa kiasi gani. Uliza wewe unapata nini kwa kulinyamazia. Na ukiwa umekwisha kuchelewa kama mimi, usikate tamaa, lakini usiendelee kuchelewa; wapo wanaongoja kusikia neno lako, na si wote watakaokuwa hai utakapokuwa tayari kulisema.

Mjukuu wangu alirudi London mwisho wa Agosti. Ukurasa wa Nunda aliukata katika daftari akaniachia, na mimi nimeutia ndani ya sanduku la vitabu vyangu. Juu kabisa ameandika kwa mwandiko wake: "Nunda. Anaanza na nguvu 2."

Wabillahi tawfiq.